Wiki sita za Lettow-Vorbeck: kutoka Mahiwa hadi Ngomano, Oktoba na Novemba 1917

Tarehe 17 Novemba 1917 Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza, alikuwa Nambindinga, kwenye nyanda za Wamakonde, kusini kabisa ya koloni la Wajerumani, Tanzania bara ya leo. Mwezi mmoja nyuma alikuwa ameshinda mojawapo ya mapigano makali kuliko yote ya vita vile. Lakini kwinini ya Wazungu wake sasa ilikuwa imebaki ya mwezi mmoja tu, risasi za bunduki za kisasa zilikuwa karibu kwisha, na hospitali ya vitani ilikuwa na majeruhi na wagonjwa wengi kuliko mabega ya kuwabeba. Aliamua siku hiyohiyo: watakaoendelea ni watu karibu 2,000 wenye bunduki, wachache tu kati yao Wazungu. Waliobaki waachwe hapo wachukuliwe na Waingereza.

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha wiki sita, tangu Mahiwa tarehe 15 Oktoba hadi Ngomano tarehe 25 Novemba. Simulizi nyingi za Lettow-Vorbeck huruka kutoka ushindi wa Tanga 1914 hadi Abercorn 1918, alikokabidhi silaha, kana kwamba miaka ya katikati ilikuwa ujanja wa porini mtupu. Ukizitazama wiki hizi sita kwa karibu, unaona vita vyake viliendeshwa kwa nini hasa, na bili ililipwa na nani.

Kamanda mwenyewe

Alizaliwa Saarlouis tarehe 20 Machi 1870, mtoto wa afisa wa jeshi, katika ukoo wa makabaila wadogo wa Pomerania. Alipita shule za makadeti, akapata uluteni mwaka 1890. Mwaka 1900 alipelekwa China katika majeshi yaliyokwenda kuwazima Waboxer, waasi wa Kichina waliopinga wageni. Mwaka 1904 akapelekwa Afrika ya Kusini Magharibi, Namibia ya leo, akawa msaidizi wa Jenerali Lothar von Trotha, yule aliyetoa amri ya kuwaangamiza Waherero mwezi Oktoba mwaka huo. Waandishi wengi wa sifa zake hupapita hapo mbio. Mwaka 1906 alijeruhiwa jicho la kushoto akapelekwa Afrika Kusini kutibiwa. Miaka ya 1909 hadi 1913 aliongoza batalioni ya askari wa majini huko Wilhelmshaven.

Alifika Dar es Salaam Januari 1914 akiwa na cheo cha luteni kanali. Jeshi alilokabidhiwa, Schutztruppe, lilikuwa na Wajerumani karibu 260 na askari Waafrika karibu 2,500, katika kombania 14 zilizotawanyika nchi nzima. Mkubwa wake kisheria alikuwa Gavana Heinrich Schnee, raia, aliyetaka koloni likae nje ya vita kwa kuegemea Mkataba wa Berlin wa 1885. Lettow-Vorbeck aliona vingine. Koloni haliwezi kulindwa hadi mwisho, alisema, lakini linaweza kutumika kuwavuta askari wa Uingereza wasiende Ulaya. Hoja hiyo ndiyo iliyoongoza maamuzi yake yote, na ndiyo inayopaswa kutumika kumpima.

Somo la Jasin

Tanga inajulikana. Novemba 1914 watu karibu 1,000 waliwarudisha baharini Waingereza na Wahindi wapatao 8,000 wa Jenerali Aitken. Jambo linalotuhusu ni mateka: mamia ya bunduki za kisasa, bombomu (bunduki za rashasha) kadhaa na risasi zipatazo 600,000. Kwa jeshi ambalo kombania zake nyingi zilikuwa bado na bunduki ya Mauser ya 1871, ile shehena ilikuwa na thamani kuliko sifa ya ushindi wenyewe.

Jasin, mpakani kaskazini ya Tanga, Januari 1915, mambo yalikuwa kinyume. Alishinda, lakini alipoteza maafisa wa kudumu ambao hakuwa na wa kuwabadili, na risasi 200,000 ziliteketea. Akapiga hesabu: kwa akiba aliyonayo, mapigano ya namna ile anaweza kupigana matatu zaidi, basi. Kuanzia hapo akageukia vikosi vidogo vya kuvunja Reli ya Uganda, na kulinda akiba yake kama mkulima alindavyo mbegu.

Akiba iliongezwa na meli mbili zilizopenya vizuizi vya Waingereza, Rubens iliyofika Manza Bay Aprili 1915 na Marie iliyofika Sudi Machi 1916. Manowari Königsberg ilipoangamizwa kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, mizinga yake kumi ya milimita 105 iliopolewa na kukokotwa bara. Kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, kilitengeneza kwinini kutokana na magome ya miti iliyopandwa hapo. Lakini Jan Smuts aliposhuka na majeshi makubwa mwaka 1916, Amani ilikwenda, reli ya kati ikaenda, Dar es Salaam ikaangukia Waingereza tarehe 4 Septemba na Tabora Wabelgiji tarehe 19. Kuanzia hapo hapakuwa na kiwanda wala bandari. Kila risasi iliyopigwa iliondoka moja kwa moja.

Mahiwa, 15 hadi 18 Oktoba

Mwaka 1917 kamanda wa Waingereza alikuwa Jenerali van Deventer, Kaburu wa Afrika Kusini. Mpango wake kusini ulikuwa wa koleo: kikosi kimoja kitoke Lindi, kipande na bonde la mto Lukuledi, kingine kishuke kutoka Kilwa. Mbele ya kikosi cha Lindi alikuwapo Kurt Wahle, jenerali mstaafu aliyekuja koloni kumtembelea mwanawe vita vikamkuta huko. Katika kikosi cha Kilwa ilichomolewa brigedi ya Nijeria ikate pori, itokee Mahiwa nyuma ya Wahle, njia ya kurudi ifungwe.

Kwenye ramani mpango unapendeza. Kasoro yake ni kwamba kati ya brigedi ile na kikosi cha Lindi palikuwa na pori nene lisilo na simu, na kila upande ulitegemea mwenzake afike kwa wakati. Lettow-Vorbeck alikuwa katikati, Ruangwa, naye alikuwa na njia fupi. Aliondoka na kombania tano na mizinga miwili ya milimani bila Waingereza kung'amua amekwenda wapi. Brigedi ya Nijeria ilipofika Mahiwa ikajikuta yenyewe ndiyo iliyozingirwa.

Uamuzi uliofuata ndio wa kujifunza. Kamanda wa kawaida angewamaliza Wanijeria kwanza. Yeye alijua kwamba anayeongoza kikosi cha Lindi ni Jenerali Beves, mtu aliyekwisha kumwona Machi 1916 kwenye kilima cha Reata, karibu na Taveta, akirusha watu wake uso kwa uso juu ya mahandaki. Akabahatisha kwamba Beves atarudia. Akawaacha Wanijeria wamebanwa na watu wachache, akahamisha nguvu zake kwenye mstari wa Wahle. Tarehe 17 na 18 Beves akafanya vilevile: alishambulia kwa mbele, wimbi baada ya wimbi, mbele ya bombomu zilizojificha vichakani. Batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers karibu ifutike siku ile ya pili.

Hesabu ya hasara: Waingereza waliingia na watu karibu 5,000 wakapoteza zaidi ya 2,000, wengine hukadiria hadi 2,700. Wajerumani walikuwa karibu 1,500. Waliokufa ni Wazungu 14 na askari 81, waliojeruhiwa Wazungu 55 na askari 367, waliopotea wawili. Jumla 519, yaani mmoja katika kila watatu.

Hapo ndipo sifa na uchambuzi vinapoachana. Waingereza wangeweza kuleta wengine 2,000, maana Keya, askari Waafrika wa jeshi la Kiingereza la King's African Rifles, walikuwa wakiandikishwa Nairobi, Zomba na kwingineko mwaka mzima. Lettow-Vorbeck asingeweza kumpata hata mmoja. Na risasi zisizotoa moshi, zile za bunduki za kisasa na za bombomu, ziliteketea karibu zote katika siku nne. Alikuwa ameivunja kanuni yake mwenyewe ya Jasin. Kaiser alimpandisha cheo kuwa meja jenerali, lakini yeye hakuweza kumfukuza adui baada ya kumvunja, kwa kuwa hakubaki na cha kumfukuzia.

Kwa nini bunduki ya 1871 ilikuwa tatizo

Mtu anaweza kuuliza: risasi zilikuwapo, mbona walie? Zilikuwapo, lakini nyingi kati ya zilizobaki zilikuwa za Mauser ya 1871. Hiyo ni bunduki ya milimita 11 inayotumia baruti nyeusi. Kila mlio unatoa wingu jeupe la moshi linaloning'inia juu ya kichaka. Kwenye hewa tulivu ya porini, mpigaji akifyatua mara mbili amekwisha kujitangaza, na bombomu ya upande wa pili inapiga pale penye moshi. Tena risasi yake ni nzito, kwa hiyo mpagazi mmoja hubeba chache. Kwa shambulio la kushtukiza alfajiri inafaa. Kwa pambano la siku nne kama Mahiwa ni kujiua. Bombomu nazo haziwezi kula risasi hizo kabisa.

Kwa hiyo swali la Nambindinga halikuwa "tuna watu wangapi?" bali risasi zilizopo zinamtosha nani.

Hesabu za Nambindinga

Kwinini kwanza. Wazungu bila kwinini katika nchi ile, msimu wa mvua ukianza, ni suala la wiki chache malaria ianze kuwalaza. Askari waliokulia maeneo yenye malaria walistahimili zaidi, lakini jeshi lake lilitegemea maafisa na masajini wa Kijerumani kuongoza kombania na kushika bombomu. Akiba ya mwezi mmoja kwa Wazungu wengi inakuwa ya miezi kadhaa ukiwapunguza. Hilo peke yake lilitosha kueleza kwa nini Wazungu wawe wachache.

Chakula kinataka hesabu ndefu kidogo. Ndorobo waliua farasi, ng'ombe na nyumbu, kwa hiyo kila kitu kilikwenda kichwani. Mzigo wa mpagazi ni kilo 25 hivi. Chukua msafara wa watu 5,000, kila mmoja apewe robo tatu ya kilo ya unga kwa siku: ni kilo 3,750, sawa na mizigo 150 kila siku. Ukitaka kubeba chakula cha siku kumi unahitaji wapagazi 1,500 wa chakula pekee, nao wanakula. Mpagazi anayekwenda siku kumi na kurudi siku kumi hula kilo 15 katika zile 25 alizobeba. Ndiyo maana hakuna jeshi lililoweza kuishi kwa ghala lililo mbali. Ama unakaa juu ya mavuno, ama unahamia kwenye mavuno mengine.

Na nyanda za Wamakonde hazikuwa na mavuno ya kulisha wote waliorundikana huko. Nchi ya kusini kwa jumla, kuanzia Songea na Mahenge hadi bara la Lindi, ilikuwa imechomwa miaka kumi tu nyuma. Katika kuzima Maji Maji, 1905 hadi 1907, Schutztruppe hiyohiyo ilitumia njaa kama silaha: mashamba yalitiwa moto, maghala yakanyang'anywa, vijiji vikahama. Mahali pengi watu hawakurudi na pori likashika. Jeshi la 1917 lilitafuta unga katika nchi ambayo lenyewe lilikuwa limeiondolea wakulima. Ni ajabu jinsi jambo hili linavyotajwa mara chache katika maandishi ya kijeshi.

Njia zilizokuwa wazi ni nne. Kubaki na kupigana nyandani hadi risasi ziishe, yaani wiki mbili au tatu. Kujigawa vikundi vidogo ndani ya koloni, ambavyo vingekufa njaa kimoja kimoja. Kusalimu amri. Au kuvuka Ruvuma na kuingia Msumbiji, kwa Wareno waliokuwa wameingia vitani 1916, ambako kulikuwa na mashamba yasiyoguswa na vituo vyenye bunduki mpya visivyolindwa sawasawa. Alichagua ya nne, na ukubwa wa jeshi ukapangwa kufuatana na watu alioweza kuwalisha na kuwapa risasi.

Kuwachuja watu hakukuwa jambo la wagonjwa peke yao. Wazungu mamia kadhaa na askari karibu 600 waliachwa kwenye hospitali ya Nambindinga, na miongoni mwao walikuwamo waliotaka kuendelea. Upande mwingine, wapo askari wazima waliokataa kuvuka. Walikuwa na wake na watoto waliofuata kambi miaka mitatu, na Msumbiji kwao ilikuwa nchi ya watu. Picha ya askari aliyemfuata bwana wake bila kuuliza inapendwa sana Ujerumani. Kwa hesabu za Wajerumani wenyewe, askari zaidi ya elfu mbili walitoroka katika vita nzima. Aliyebaki alikuwa na sababu zake: cheo, mshahara uliokuwa haujalipwa, familia iliyokuwa salama zaidi ndani ya kambi kuliko nje yake.

Ngomano, 25 Novemba

Kutoka Nambindinga walipita Kitangari na Newala, ambako mchujo wa mwisho ulifanyika, wakashuka Ruvuma. Hesabu ya waliovuka ni Wazungu 300, askari 1,700 na wapagazi na wafuasi wengine 3,000. Gavana Schnee naye alikuwamo, akiwa bado anagombana na kamanda wake juu ya nani mkubwa.

Ngomano iko pale mto Lujenda unapoingia Ruvuma. Wareno karibu 900 chini ya Meja João Teixeira Pinto walikuwa wamefika hivi karibuni na kambi ilikuwa bado inajengwa. Walitazama mtoni, upande ambao adui angetokea. Wajerumani walivuka juu zaidi kwa miguu, maji yakiwafika kifuani, wakazunguka na kushambulia kutoka bara. Mzinga mmoja wa milimani uliwashughulisha Wareno kwa mbele, kombania zikapita porini hadi ubavuni na nyuma. Teixeira Pinto aliuawa mapema pamoja na maafisa wengine, na baada ya hapo hakukuwa na wa kuwapanga watu. Waliokufa na kujeruhiwa upande wa Wareno walizidi 200, mamia wakatekwa.

Mateka: bombomu sita, bunduki mamia, risasi 250,000, farasi, na dawa ikiwamo kwinini. Askari waliokuwa na bunduki za 1871 walizitupa palepale wakachukua za Kireno.

Kuna jambo moja la pale ambalo Lettow-Vorbeck mwenyewe alilisimulia, na linaeleza hali ya jeshi kuliko orodha ya silaha. Risasi zilipokoma, wapagazi waliyavamia mabohari ya Wareno kupora. Hata askari wa Kireno waliokwisha kutekwa walijiunga. Kamanda alimkimbilia mpagazi mmoja aliyemfahamu, angalau mara saba. Kila mara jamaa alimponyoka akaonekana anapora kwingine. Watu waliobeba kilo 25 kwa wiki nzima kwa unga kidogo hawakungoja kugawiwa.

Maana tatizo moja halikuondoka. Ngomano ilitoa risasi na kwinini, lakini chakula cha kuwatosha watu 5,000 hakikuwapo. Ndani ya siku chache ilibidi wapande na bonde la Lujenda kutafuta mashamba, wakiwinda viboko kwa ajili ya nyama na mafuta.

Kilichokwenda vibaya: Tafel

Mpango wa kuvuka ulikuwa na nusu nyingine. Kapteni Theodor Tafel alikuwa anashuka kutoka Mahenge na jeshi lililokaribia watu 2,000, akitegemea kuungana na mkubwa wake. Hapakuwa na simu ya upepo wala waya kati yao. Habari zilipita kwa tarishi wa miguu, na tarishi huchelewa, hupotea au hukamatwa. Tafel alifika eneo la Newala akakuta Waingereza, na wenzake wameshavuka. Chakula chake kilikuwa kimekwisha. Tarehe 28 Novemba alisalimu amri na askari zaidi ya elfu moja, siku tatu baada ya Ngomano, karibu na mahali ambapo risasi 250,000 zilikuwa zinagawiwa.

Hapo pana kosa la Lettow-Vorbeck ambalo washabiki wake humsamehe upesi. Kama Mahiwa isingemgharimu theluthi ya watu wake na akiba yote, angeweza kungoja nyandani siku chache zaidi. Ushindi wa Mahiwa ulimpotezea jeshi la Tafel, na hilo lilikuwa na watu wengi kuliko aliowaua Wanijeria, Wahindi na Waingereza pamoja.

Na siku hizohizo za Novemba, Ujerumani ilikuwa imerusha puto kubwa la hewa, L59, kutoka Jamboli, Bulgaria, likiwa na tani 15 za risasi, dawa na bombomu kwa ajili yake. Liliruka tangu tarehe 21, likaamriwa kugeuka likiwa juu ya Sudan, likarudi tarehe 25 baada ya kilomita 6,757. Lingefika, lingetua wapi? Nyanda alizopangiwa kutua zilikuwa mikononi mwa Waingereza.

Mwaka wa Msumbiji

Yaliyofuata ni marudio ya mbinu ya Ngomano. Mwendo wa saa sita kwa siku, mapumziko ya nusu saa kila baada ya saa mbili. Kila kundi la kombania tatu lilitembea na wapagazi wake na hospitali yake, ili likikatwa liweze kuishi. Shabaha ilikuwa kituo chenye ghala. Nhamacurra, tarehe 1 hadi 3 Julai 1918, walipata bunduki zaidi ya 300, na sukari nyingi kuliko walivyoweza kubeba. Septemba walivuka Ruvuma kurudi, wakapita Songea na Njombe wakiwa wanakohoa homa ya mafua, wakaingia Rodeshia ya Kaskazini, Zambia ya leo, wakashika Kasama tarehe 13 Novemba. Siku hiyo tarishi wa Kiingereza mwenye pikipiki alikamatwa na barua: vita vilikuwa vimekwisha Ulaya siku mbili nyuma.

Abercorn, sasa Mbala, walikabidhi silaha tarehe 25 Novemba 1918, mwaka mmoja kamili tangu Ngomano. Orodha yake ni mzinga mmoja wa Kireno, bombomu 37, saba tu kati yake za Kijerumani, bunduki 1,071 za Kiingereza na Kireno, na risasi 208,000. Bunduki ya mkononi ya Kijerumani haimo hata moja.

Bili

Risasi aliteka kwa Wareno. Chakula alichukua kwa nani? Daktari wa jeshi lake, Ludwig Deppe, aliandika waziwazi kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyoporwa na njaa. Wanakijiji wa Makonde, wa Yao na wa Lomwe hawakuwa na upande. Msafara ulipopita ulichukua unga na vijana wa kubeba, na Waingereza waliofuata nyuma walichukua kilichosalia. Ugogo, ambako majeshi yote mawili yalikomba nafaka na ng'ombe mwaka 1916 na 1917, kulikuja njaa ya Mtunya, iliyodumu hadi 1920 na kuua watu wanaokadiriwa 30,000, karibu mmoja katika kila watano.

Kwa upande wa Waingereza wapagazi walifikia milioni moja kwa jumla, na waliokufa wanakadiriwa 95,000, wengi kwa kuhara, malaria na nimonia, wachache kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zina majina ya jeshi hilo la wapagazi. Kwa upande wa Wajerumani daftari halikuwekwa.

Sasa ile hoja ya 1914, kuwavuta askari wasiende Ulaya. Ni kweli aliwashughulisha zaidi ya askari laki moja katika miaka minne, pamoja na meli na fedha. Ila ukiwatazama ni akina nani, hoja inapungua. Keya walikuwa chini ya 3,000 mwaka 1914 na karibu 35,000 mwaka 1918. Hao, na Wanijeria, na wapagazi, wasingepelekwa mahandaki ya Ufaransa hata kama koloni lingeanguka siku ya kwanza. Makaburu waliokuja na Smuts na baadhi ya vikosi vya Kihindi wangeweza kupelekwa, na wengi wao walikuwa wameshaondolewa kufikia mwanzo wa 1917 kwa sababu ya malaria. Kwa hiyo wakati wa Mahiwa aliokuwa anawazuia ni Waafrika kwa sehemu kubwa, kwa kutumia Waafrika, kwa chakula cha Waafrika.

Ujerumani ilimpokea kama shujaa Machi 1919, akapita lango la Brandenburg juu ya farasi. Mwaka 1920 aliunga mkono mapinduzi ya Kapp dhidi ya serikali ya jamhuri, yakashindwa, akaondolewa jeshini. Alikuwa mbunge wa wahafidhina 1928 hadi 1930. Hakuwapenda Wanazi, ingawa alikubali cheo cha heshima cha jenerali wa askari wa miguu mwaka 1939. Wanawe wawili walikufa katika Vita vya Pili. Mwaka 1953 alizuru tena Afrika Mashariki. Alifia Hamburg tarehe 9 Machi 1964. Kambi za jeshi la Ujerumani zilizoitwa kwa jina lake zimebadilishwa majina au kufungwa.

Mwaka huohuo wa 1964 bunge la Ujerumani Magharibi lilipitisha fedha za kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai mishahara yao ya vita, na wazee karibu 350 walijitokeza Mwanza. Wachache walikuwa na vyeti. Wapagazi hawakuwamo katika malipo hayo.